Kifaa cha GPS kwa Mwenye Jahazi: Kipi Kinunuliwe, na Kiaminiwe Kadiri Gani

Wanachama wengi wa chama chetu wana fungu katika mashua au jahazi, na wengine wana vyombo vyao wenyewe vya kuchukulia boriti, saruji, chakula na mizigo ya maduka baina ya Pemba, Unguja na Tanga. Karafuu zikisha kuuzwa na fedha ikaingia mkononi, swali linaloulizwa sana siku hizi ni hili: Je, yafaa kununua kifaa cha GPS, na kama yafaa, kiwe cha namna gani? Maana madukani viko vya kila bei, tangu simu ambayo mtu amekwisha kuwa nayo mfukoni, hata vioo vikubwa vya kufungwa chomboni ambavyo thamani yake yapita tanga jipya na kamba zake. Nia ya makala haya ni kumsaidia mwenye chombo achague kwa kadiri ya mfuko wake. Tena twataka ajue jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji: kifaa chenyewe siku hizi ni rahisi na aghalabu chasema kweli. Kinachoweza kupandisha jahazi mwambani ni ramani iliyotiwa ndani yake.

KIFAA HUSIKIA TU

Si lazima nahodha ajue mambo ya ndani ya kifaa hiki ndipo akitumie, kama vile si lazima mtu ajue ufundi wa saa ndipo ajue kuwa adhuhuri imeingia. Lakini machache yapasa kujulikana, kwa kuwa wengi hununua wakidhani wamepata kitu ambacho hakimo.

Juu ya dunia, kiasi cha kilomita 20,200, ziko setilaiti za Marekani zaidi ya 24, na kila moja yazunguka dunia mara mbili kwa siku. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo mzima ukatimia mwaka 1995. Kazi yake ni kupiga mbiu ya saa bila kukoma: sasa ni wakati fulani, nami nipo mahali fulani. Kifaa kilicho mkononi mwa baharia husikiliza mbiu hizo, hupima kila moja imechukua muda gani njiani, na kikisikia setilaiti 4 au zaidi hujua kipo wapi. Hapo mwanzo Wamarekani walikuwa wakitia kosa la makusudi katika mbiu za raia, kosa la kufika mita 100. Tarehe 2 Mei 2000 waliliondoa, na tangu hapo kifaa cha mtu wa kawaida, kikiwa kinaona mbingu wazi, hukosea mita 5 au 10 hivi. Warusi, watu wa Ulaya na Wachina nao wana setilaiti zao, na simu nyingi za leo husikiliza zote pamoja.

Kutokana na hayo yapatikana mambo mawili. La kwanza ni kwamba GPS haihitaji mtandao wa simu wala kifurushi. Simu isiyo na laini hata moja, iliyo katikati ya mkondo wa Pemba, yajua mahali ilipo sawasawa na ile iliyo Darajani. Tofauti ni kuwa simu yenye mtandao husaidiwa kupata mahali upesi. Isiyo nao, hasa ikiwa imezimwa siku nyingi, yaweza kukaa dakika kadhaa, pengine robo saa, ikitafuta. Basi iwashwe bandarini nanga ikiwa bado chini, wala isingojwe mpaka povu la mwamba limesikika.

La pili ni kwamba kifaa hiki ni sikio, si kinywa. Hupokea tu. Wako watu waliowaaga jamaa zao wakisema, "Msiwe na wasiwasi, tunayo GPS," kana kwamba walioko nyumbani wataweza kuwaona. Hawataona kitu. Habari ya kuita msaada ni nyingine, nayo tutaigusa mbele.

DIRA YASEMA LAKE, MKONDO WASEMA LAKE

Wazee walivuka bila ya vitu hivi, na hayo hayana ubishi. Ahmad bin Majid, rubani mashuhuri wa karne ya 15 kutoka Julfar katika Ghuba, alipima urefu wa nyota kwa kibao na uzi wenye mafundo, akajua amefika kaskazini au kusini kiasi gani. Ila mashariki na magharibi alibaki kukisia kwa siku alizokwenda. Manahodha wetu nao huvuka kwa dira, kwa nyota, kwa rangi ya maji na kwa kuisikia harufu ya nchi kabla ya kuiona. Hatusemi waache. Twasema kuna jambo moja ambalo GPS hulionyesha kuliko dira yoyote, na katika bahari yetu ndilo jambo kubwa.

Kutoka Tanga mpaka Wete, kwa mstari ulionyoka, ni kiasi cha maili 37 za bahari. Jahazi liendalo maili 5 kwa saa litachukua saa saba na nusu. Mkondo mkuu wa pwani ya Afrika Mashariki hukimbia kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi hulegea, na wakati wa kusi hupata nguvu, mara nyingine hata maili 4 kwa saa. Tuseme siku hiyo ni maili 2 tu. Kwa saa saba na nusu chombo kitakuwa kimesukumwa maili 15 upande wa kaskazini. Aliyeshika majira ya Wete kwa dira peke yake, akawa hodari asiipoteze hata digrii moja, ataipita Ras Kigomasha usiku, na mbele yake hakuna nchi ila bahari kuu.

Nahodha mzoefu hulijua jambo hili, akaelekeza omo kusini zaidi kwa kukisia. Kifaa humwondolea kukisia. Dira huonyesha omo imeelekea wapi. GPS huonyesha chombo chenda wapi. Namba hizo mbili zikitofautiana, tofauti yake ni mkondo pamoja na kuchukuliwa na upepo. Mshika usukani na azitazame zote mbili kila nusu saa, arekebishe, na jahazi litafika mahali lilipokusudiwa. Kwa kazi hii ramani haihitajiki kabisa. Kifaa kidogo kuliko vyote kinachoonyesha namba tu kinatosha. Mwenye kununua alikumbuke hili atakapofika kwenye bei.

RAMANI NDIYO YENYE SHAKA

Sasa tutazame ile picha nzuri ya rangi iliyo katika kioo, yenye bahari ya buluu, miamba ya kijani na kijahazi kidogo kinachosogea katikati. Kijahazi ni kweli. Miamba imetoka wapi?

Pwani hii ilipimwa na manowari za Kiingereza. Kapteni Owen alikuja na Leven na Barracouta katika miaka ya 1820, na Kapteni Wharton akafuata na Shearwater na Fawn katika miaka ya 1870. Walipima kina kwa bildi, yaani risasi iliyofungwa kambani, na mahali walipajua kwa jua, nyota na saa. Ilikuwa kazi ya kustaajabisha, na mtu akifikiri jua la mwezi wa Februari na mashua za makasia hana budi kuwavulia kofia. Lakini bildi hugusa mahali inapoangukia tu. Baina ya pigo moja na pigo la pili jiwe laweza kukaa lisijulikane. Upimaji wa siku za baadaye, kwa vyombo vya sauti, hutangulia kwenda bandarini na katika njia za meli kubwa. Njia ya mashua nyuma ya kisiwa kidogo, ambayo hakuna meli ipitayo, hukaa miaka mingi pasipo kuguswa.

Zaidi ya hayo, ramani ya zamani ilikuwa na chanzo chake cha kuhesabia, na GPS ina chake kiitwacho WGS 84. Chati ambayo haikusahihishwa kulingana na chanzo hicho huonyesha mwamba mahali ambapo haupo, kwa mita mia au hata mia kadhaa. Na fungu la mchanga huhama lenyewe kila kusi na kila kaskazi bila kumwuliza mchora ramani. Basi mtu ana kifaa kinachojua mahali chombo kilipo kwa kosa la mita 5, akakitumia kupita mlango wenye upana wa mita 60, juu ya chati yenye kosa la mita 150. Ule usahihi wa kwanza haumfai kitu.

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya watu maskini wenye vifaa duni. Basi wasikilize habari hii, iliyotokea katika bahari yetu hii ya Hindi. Tarehe 29 Novemba 2014 mashua ya mashindano iitwayo Team Vestas Wind, ikitoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, ilipanda miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki ya Mauritius, usiku, ikienda maili 19 kwa saa. Ilikuwa na mabaharia 9 wa kulipwa na vifaa vya gharama kubwa, na GPS yao ilikuwa nzima. Ila chati yao ya elektroniki, ilipotazamwa kwa mbali ili bahari yote iingie kiooni, haikuonyesha kwamba pale pana mwamba wa kuvunja chombo. Ilitaka ikuzwe kwa karibu ndipo uonekane. Hawakuikuza mahali pale. Kwa bahati njema wote waliokoka.

Funzo la kazi hapa ni rahisi. Kabla ya kung'oa nanga, nahodha aketi kivulini na kifaa chake, akuze ramani mpaka mwisho, aifuate njia yote kidole kwa kidole tangu atokako hata aendako. Kazi ya nusu saa. Kila fungu, kila kipwa, kila jiwe aliandike katika daftari. Baharini, kioo kikiwa kimelowa na watu wanatapika, hakuna atakayefanya hivyo.

Pia iko picha ya setilaiti, yaani picha ya bahari iliyopigwa kutoka juu. Katika maji meupe kama ya upande wa Mesali, picha hiyo huonyesha ukingo wa mwamba wazi kuliko chati nyingi, na baadhi ya programu hukubali kuiweka chini ya chati au badala yake. Mabaharia wengi wapitao pwani zisizo na chati nzuri hutegemea njia hii. Lakini haionyeshi kina, wingu huficha, na ndani ya ghuba zenye matope na mikoko, kama Chake Chake, haionyeshi kitu ila rangi ya chai ya maziwa.

BEI NA AINA

Simu ya mkononi ndiyo ya kuanzia, kwa sababu wengi wanayo. Programu ya Navionics, ambayo ni mali ya kampuni ya Garmin tangu mwaka 2017, ina chati za dunia karibu nzima na hulipiwa kila mwaka. OpenCPN ni programu ya bure kwa kompyuta, na ipo pia ya simu za Android. Yenyewe huja tupu, chati mtu hujitafutia. Ramani ya kawaida ya simu, ile ya kutafutia mitaa na hoteli, si chati. Bahari yake ni buluu tupu, haina kina wala kipwa, na kuitumia kuingilia bandarini ni sawa na kufumba macho.

Chati za simu hupakuliwa ukiwa pwani penye mtandao. Kuhakikisha kama zimeingia, uzime mtandao wote wa simu, halafu ufungue ramani na uikuze sehemu utakayopita. Ikibaki na maandishi machache yaliyofifia, hazikuingia. Tena mwenye kununua kompyuta bapa ya kioo aangalie sana: iPad isiyo na nafasi ya laini ya simu haina GPS ndani yake kabisa, na nyingine za bei nafuu ziko hivyo hivyo. Mwuzaji atasema ipo. Itoe nje uwanjani, mbali na mtandao, uone.

Ya pili ni kifaa cha mkononi kilichofanywa kwa kazi hii tu, kama eTrex ya Garmin. Ile iitwayo eTrex SE, iliyotoka mwaka 2023, ina bei ya dola 150 huko Marekani, hutumia betri 2 ndogo za duka lolote, na hustahimili maji. Ina vitufe, basi kidole kilicholowa hakiisumbui. Haionyeshi miamba, lakini huonyesha mahali, mwendo, majira ya kweli, na alama zote ulizotia mwenyewe. Iko namna nyingine ya baharini, yenye chati na ielea majini ikianguka, lakini bei yake ni mara mbili au zaidi.

Ya tatu haifikiriwi na wengi, nasi twaona ndiyo inayofaa zaidi kwa mashua yenye kupita miambani: kipima kina kidogo cha wavuvi chenye GPS ndani yake, kama vile STRIKER za Garmin. Kilicho kidogo huuzwa ng'ambo kwa dola 100 hadi 150 hivi. Hakina chati. Lakini huonyesha kina cha maji chini ya mkuku sasa hivi, jambo ambalo chati yoyote haiwezi, na wakati huo huo huchora njia uliyopita na kuhifadhi alama. Kile kichwa chake cha majini kisifungwe ndani ya mbao kikitarajiwa kusikia; mbao humeza sauti. Kifungwe katika mti, ushushwe ubavuni karibu na tezi ukiingia maji machache, na upandishwe ukitoka.

Ya nne ni kioo kikubwa cha kufungwa chomboni, chenye chati, cha dola mia tatu hata mia saba na kuendelea. Ni kizuri, chasomeka juani, na mwenye chombo kikubwa cha kuchukua mizigo ya watu usiku hatulaumu akikinunua. Lakini wengi hukipata kwa ndugu walioko Maskati, Dubai au Uingereza, wakakifungua na kukuta kimejaa maziwa na mito ya Marekani, na pwani yetu ni mstari mmoja usio na hata namba moja ya kina. Chati ya Afrika Mashariki hununuliwa mbali, katika kadi ndogo, na bei yake ihesabiwe tangu mwanzo. Mwambie ndugu yako aulize dukani hili kwanza, kabla ya kuuliza ukubwa wa kioo.

Kwa shauri letu, mwenye mashua ya kadiri, ambaye fedha yake haitoshi kununua vyote, anunue kipima kina chenye GPS, na simu ya zamani ambayo kioo chake hakijapasuka aiweke iwe ya chombo tu, isipigiwe muziki wala kupewa watoto. Viwili hivyo, vya watengenezaji mbali mbali na vyenye umeme mbali mbali, vina faida kuliko kimoja cha gharama. Kimoja kikifa, cha pili kitakufikisha.

UMEME, JUA NA CHUMVI

Simu yenye kioo kilichowashwa na GPS yake ikifanya kazi hula umeme upesi, na safari ya kutoka Mkoani mpaka mjini Unguja, maili 55 hivi, ni saa 11 kwa mwendo wa maili 5. Betri yake peke yake haitafika. Betri ya akiba ya kubeba yenye maandishi 20,000 itaipeleka safari nzima na kubakisha, mradi iwe ya kweli, maana mitaani zipo zilizoandikwa namba hiyo na ndani mna robo yake. Kioo kizimwe na kiwashwe kila robo saa tu. Mahali patakuwa pale pale.

Kipima kina kidogo hutumia chini ya nusu ampea kwa volti 12. Kwa saa 12 ni ampea-saa 6 kwa kadiri ya juu. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 ingemalizwa yote, na betri ya namna hiyo ikimalizwa mara chache hufa. Basi nunua ya 12 au 20, na kibao cha jua cha wati 20.

Jua ni adui mwingine. Kampuni ya Apple yasema simu zake zisitumike penye joto lipitalo digrii 35, na nyingine si tofauti sana. Juu ya sitaha wakati wa kaskazi simu nyeusi hupata moto kama karafuu sakafuni saa nane mchana, kisha hujizima yenyewe na kukataa kuwaka mpaka ipoe. Ikae kivulini. Iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na kwa kuwa tone la maji ya chumvi juu ya kioo hujibonyeza kama kidole, mtu aifunge programu isiguswe ovyo. Tena simu na kinasa sauti chochote visikae karibu na dira, maana ndani yake mna sumaku. Nafasi ya mkono mmoja mzima ndiyo kidogo kabisa.

ALAMA ZAKO MWENYEWE

Hapa ndipo penye faida kubwa, wala hapagharimu kitu ila subira. Kama chati ya njia yako haiaminiki, tengeneza yako.

Chagua siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa hasa, upepo mdogo, jua limepanda na liko nyuma yako, kwa sababu wakati huo mwamba waonekana rangi na kipwa kiko wazi. Mtu mmoja apande mlingotini au asimame omoni. Uende polepole kwa dau au mashua nyepesi, si kwa jahazi lenye mzigo. Kila ukifika ukingo wa mwamba, pande zote mbili za mlango, simama na utie alama katika kifaa, uipe jina lile lile ambalo wavuvi wa mahali pale wanalitumia. Pima kwa bildi au kipima kina, uandike ni pima ngapi, tarehe gani na saa ngapi. Kisha pita katikati ya mlango kutoka mwanzo hata mwisho, kifaa kikichora njia, na hiyo njia uihifadhi.

Saa na tarehe si urembo. Katika visiwa vyetu tofauti ya maji kujaa na kupwa, siku za bamvua, yafika kiasi cha mita 4. Njia uliyoichora maji yakiwa yamejaa ukapita bila kugusa, saa sita baadaye ni bustani ya mawe, na jahazi litakalofuata mstari ule litapwelewa au kutobolewa. Mtu akikupa njia aliyoichora yeye katika simu yake, jambo ambalo vijana wanalifanya sana, swali la kwanza umwulize ni hili: maji yalikuwaje? Asiyejua kujibu, njia yake usiifuate.

Na hata kwa alama zako mwenyewe, hatushauri mtu kuingia mlango mwembamba usiku kwa kioo peke yake. Kosa la mita 10 la kifaa siku ulipotia alama na kosa la mita 10 siku unaporudi yaweza kukutana yakawa mita 20. Ukifika umechelewa, kaa nje penye maji mengi mpaka alfajiri.

NAMBA ZISOMWE SAWASAWA

Jambo hili ni dogo, nalo limewapotosha wengi. Mahali huandikwa kwa namna zaidi ya moja. Namba 5° 15.500′ ni digrii 5 na dakika 15 na nusu. Namba 5.15500° ni digrii 5 na sehemu za digrii, ambayo ikigeuzwa kuwa dakika ni 5° 09.3′. Mtu akiitia ya kwanza katika kifaa kilichopangwa kwa namna ya pili, amekosea maili 6 na zaidi za bahari, kwa kuwa kila dakika moja ya kaskazini na kusini ni maili moja, yaani mita 1,852. Kubalianeni chombo kizima kutumia namna moja, nasi twapendelea digrii na dakika kwa kuwa ndivyo zilivyo chati za karatasi. Angalia pia kwamba kifaa kimepangwa katika WGS 84 na upande wa Kusini, si Kaskazini. Na chati ya karatasi ya njia yako, ukiiona, inunue: Idara ya Chati ya Uingereza ilitangaza mwaka 2022 kwamba itaacha kuuza za karatasi, kisha ikaahirisha mpaka angalau mwaka 2030.

KUITA MSAADA

Tulisema GPS haina kinywa. Kinywa ni redio ya VHF, chaneli 16, na kwa ile ndogo ya mkononi masafa yake ni maili chache tu. Ukiita, soma namba za mahali ulipo polepole, mara mbili, ndipo GPS inapookoa maisha. Kipo pia kifaa kidogo cha kuvaliwa ambacho, kikivutwa, hupeleka mlio wa hatari na mahali kwenye setilaiti za uokozi za Cospas-Sarsat bila mtandao wowote. Bei yake ni dola 300 au zaidi, na sharti kiandikishwe kwa jina la mwenyewe. Kwa chombo kinachochukua abiria twakiona ni bora kuliko kioo kikubwa cha chati.

Wala kifaa chochote kati ya hivi hakipunguzi mzigo. Meli ya Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikija kwetu Pemba, na kuchukua mamia ya watu wetu, haikuzama kwa kutojua mahali ilipo. Ilipakia kupita kiasi.

Mwanachama atakayenunua, akijaribu kwanza kifaa chake ndani ya bandari kwa siku mbili tatu, azinakili alama zote kwa wino katika daftari la chomboni, na nakala ya pili aiache nyumbani pamoja na majira anayokusudia kushika na saa anayotarajia kufika. Simu huanguka majini, na betri humalizika; tena walioko nyumbani, chombo kikichelewa, watakuwa na kitu cha kuwaonyesha waendao kutafuta.